Kuzunguka miji ya China: ya kumaliza nyumbani na ya kujua ukishafika

Mgeni anayeshuka Guangzhou kwa mara ya kwanza huwa amejiandaa kwa lugha na chakula. Kinachomkwamisha siku hiyo ni kingine: ramani ya simu haifunguki, kadi ya benki inakataa, na dereva wa teksi hawezi kusoma jina la hoteli lililoandikwa kwa herufi zetu. Yote matatu yana dawa, ila dawa yenyewe iko Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Ukiiacha nyumbani, kuitafuta kule ni kazi. Kwa hiyo tuanze na wiki mbili za kabla ya kupanda ndege.

Pasipoti na viza

Wenye pasipoti za Afrika Mashariki wanaombea viza nyumbani: L kwa utalii, M kwa biashara. Ule msamaha wa viza wa saa 240 kwa wapita njia, unaosifiwa sana mtandaoni, una orodha yake ya nchi, na nchi zetu hazimo. Ndugu mwenye pasipoti ya Marekani au Uingereza aangalie upya, maana hizo zimo.

Kwenye viza soma idadi ya kuingia kabla ya kusoma tarehe. Ukivuka kwenda Hong Kong au Macau, hata kwa chakula cha mchana tu, umetoka China kiuhamiaji, na viza ya kuingia mara moja imekwisha hapo hapo. Siku za kukaa nazo zihesabu kwa makini. Kupitiliza kunatozwa yuan 500 kwa siku, hadi kufikia 10,000.

Jina ndilo chanzo cha usumbufu mwingi usioonekana mapema. Pasipoti zetu mara nyingi zina majina matatu, na mtu amezoea kujiandikisha kwa mawili. China usifanye hivyo. Fungua ukurasa wa picha, tazama ile mistari miwili ya chini iliyojaa alama za <<<, kisha andika majina yako yote kwa mpangilio huo huo kila unapojisajili: kwenye programu ya malipo, tiketi ya treni, hoteli, tiketi ya makumbusho. Mashine inalinganisha herufi kwa herufi. Haina habari kwamba Hassan na Hasan ni mtu mmoja.

Beba pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Na kama unabeba fedha taslimu, fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 zinatangazwa forodhani wakati wa kuingia, na yuan taslimu zisizidi 20,000. Wafanyabiashara wengi hupuuza tangazo hilo, halafu wanabanwa wakati wa kutoka na dola zilizobaki kwa sababu hawana karatasi ya kuonyesha waliingia nazo.

Simu

WhatsApp, Google na huduma zake zote, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwenye intaneti ya China, iwe ya hoteli au ya laini ya huko. Duka la Google la programu halifunguki pia, kwa hiyo kila programu utakayoihitaji ipakue ukiwa bado nyumbani.

Njia nyepesi ya kubaki na WhatsApp ni kutumia data ya laini ya nje. Laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya kimataifa, au eSIM (laini isiyo na kadi) ya msafiri iliyonunuliwa kabla ya safari, hupitisha data yako nje ya China kwanza, na mawasiliano yanakuja kama kawaida. Uliza bei ya bando la nje kabla. Bila bando, data ya laini ya nyumbani inakula salio kama moto wa kifuu. Mpango unaofanya kazi vizuri ni simu ya laini mbili: laini ya nyumbani ibaki hewani kwa ajili ya meseji za benki tu, data yake ikiwa imezimwa, na eSIM ibebe intaneti. Laini ya China inauzwa kwa pasipoti na picha ya uso wako, na ina faida kwa anayekaa mwezi, kwani namba ya huko hufungua huduma nyingi ndogondogo. Kwa siku kumi si lazima.

Pakua Alipay ya malipo, WeChat ya ujumbe na malipo, programu ya tiketi za treni iitwayo 12306, na ramani ya Amap. WeChat ifungue mapema zaidi kuliko zote: wakati mwingine humtaka mtumiaji wa siku nyingi akudhamini kwa kuskani msimbo wako, na mtu huyo ni rahisi kumpata Kariakoo au Eastleigh kuliko kumtafuta usiku kwenye uwanja wa ndege. Pakua na mkalimani wa simu pamoja na Kichina chake cha kutumia bila intaneti.

Ramani ya Google, hata ukiipata, usiifuate kule. China hutumia vipimo vyake vya ramani, na nukta yako inaweza kuonekana mamia ya mita kutoka uliposimama, mara nyingine katikati ya mto. Amap ina toleo la Kiingereza na inajua hata mlango upi wa kituo cha treni za chini utokee.

Mwisho wa habari ya simu: jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, pamoja na namba ya simu ya mapokezi. Piga picha, ihifadhi, na uandike nakala kwenye karatasi. Simu ikizima chaji, karatasi ndiyo itakayokurudisha.

Pesa

Tangu 2023 kadi za Visa na Mastercard za nje zinaunganishwa na Alipay na WeChat. Kadi za benki zetu mara nyingi huja zimefungiwa malipo ya mtandaoni ya nje. Nenda tawini, ziwashwe, na uulize kikomo cha siku. Unganisha kadi ukiwa nyumbani, ambako ile namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu bila tabu. Kisha piga picha ukurasa wa pasipoti ndani ya programu ili uthibitishwe, maana akaunti isiyothibitishwa ina kikomo kidogo. Ukiweza, unganisha kadi mbili za benki tofauti. Benki ikiona malipo matano ya China ndani ya saa moja inaweza kuifunga kadi kwa kudhani imeibwa, na huko nyumbani wakati huo huenda bado hakujapambazuka.

Kulipa kuna namna mbili, na anayezichanganya hufanya foleni nzima imsubiri. Dukani kwenye mashine, unafungua msimbo wako wa malipo na muuzaji anauskani. Kwa mama muuza matunda kuna karatasi ya msimbo imebandikwa mezani: wewe unaiskani, unaandika kiasi mwenyewe, unalipa, unamwonyesha kioo, au kispika chake kinatangaza kwa sauti kwamba pesa imeingia. Aliyewahi kulipa kwa Lipa Namba hatafundishwa mara mbili.

Tofauti iko hapa: kadi ya nje hailipi mtu binafsi, inalipa biashara iliyosajiliwa. Msimbo wa mama yule ukiwa wa akaunti yake binafsi, malipo yanagoma, na si kosa la kadi. Jaribu programu ya pili. Ikigoma nayo, toa noti. Ndiyo sababu ya kutembea na yuan 300 hadi 500 taslimu, nyingi zikiwa noti za 10 na 20. Kisheria muuzaji hapaswi kukataa noti, lakini chenji ya 100 huenda hana kweli.

Malipo ya hadi yuan 200 kwa kadi ya nje hayana makato. Yakizidi hapo kuna makato ya asilimia 3. Kwa chai na teksi hutahisi kitu. Kwa hoteli ya yuan 2,000, ni 60 zinazokwenda hivi hivi, kwa hiyo bili kubwa lipa kwa noti ulizotoa kwenye ATM ya Bank of China au ICBC, baada ya kulinganisha na makato ya benki yako mwenyewe.

Bei sokoni huonyeshwa kwa kikokotoo au kwa vidole, na vidole vya Wachina havihesabu kama vyetu. Kuanzia moja hadi tano hakuna shida. Sita ni kidole gumba na cha mwisho vimenyooshwa, vingine vimekunjwa. Nane ni gumba na cha shahada, mfano wa bastola. Tisa ni cha shahada kilichopindwa kama ndoano. Kumi ni ngumi, au vidole viwili vilivyopishanishwa. Anayeona nane akadhani ni mbili hubishana bure.

Usiku wa kwanza

Sheria inataka kila mgeni aandikishwe polisi mahali anapolala. Hoteli hufanya hivyo yenyewe inapochukua pasipoti mapokezi. Ukifikia kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga, jukumu ni lako na mwenyeji wako: ndani ya saa 24 mnakwenda kituo cha polisi cha mtaa, kinachoitwa *paichusuo*, na pasipoti pamoja na mkataba wa nyumba. Kutofanya hivyo kunaweza kukugharimu hadi yuan 2,000, na hubainika siku unapoomba kuongeza viza. Ukihama nyumba, unaandikishwa upya.

Mwaka 2024 serikali ilizitaka hoteli zisikatae wageni wa nje, ila zile ndogo za bei ya chini bado zina wahudumu wasiojua kuingiza pasipoti ya kigeni kwenye mfumo. Kabla ya kulipia, soma maoni ya waliolala hapo. Ukiona wageni wa nje miongoni mwao, umepona. Wengi wa kutoka kwetu hufikia mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, ambako wapokezi wameshazizoea pasipoti za Afrika na hata chakula chetu kinapatikana. Ni pazuri kwa usiku wa kwanza, ingawa bei za kubadilisha fedha mitaani pale ziepuke: benki inabadilisha kwa pasipoti tu, na noti bandia hazitoki benki.

Pasipoti yenyewe itembee nawe. Mwenye miaka 16 na kuendelea anatakiwa kuwa nayo, na polisi wanaweza kuiomba barabarani.

Treni za mwendokasi

Hii ndiyo raha ya kuzunguka China. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, na treni za haraka zinatumia takribani saa nne na nusu. Guangzhou hadi Shenzhen hata saa nzima haifiki.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla. Jisajili 12306 mapema, kwa sababu kuthibitisha pasipoti ya kigeni huchukua muda, mara nyingine zaidi ya siku. Ukichelewa, nunua kwa wakala wa mtandaoni kama Trip.com na ulipe nyongeza kidogo, au nenda dirishani na pasipoti. Treni za herufi G ndizo za kasi zaidi, D zinafuata, na K ni za taratibu, nyingi zikisafiri usiku. Tiketi ya karatasi haipo. Pasipoti ndiyo tiketi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kwenda kituo kisicho chako. Mji mmoja una vituo vitatu, vinne, na umbali wa saa nzima kati yao. Jifunze maneno manne na utasalimika: *bei* ni kaskazini, *nan* kusini, *dong* mashariki, *xi* magharibi. Tiketi ikisema Guangzhounan, hicho ni kituo cha kusini, mbali na katikati ya mji. Kile kiitwacho Guangzhou pekee ni kingine. Treni nyingi za Shanghai huondokea Hongqiao, jirani na uwanja wa ndege wenye jina hilo.

Saa za tiketi ni za mfumo wa 24. 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Ukiwa bado unahesabu Kiswahili kichwani, ziandike zote mbili kwenye karatasi. China nzima ina saa moja tu, na iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tano, na mbele ya Bujumbura kwa saa sita.

Fika saa moja kabla. Mlangoni pasipoti inakaguliwa na mabegi yanapita kwenye mashine. Visu vinachukuliwa hata kama ni cha kumenyea embe, na dawa ya mbu ya kupuliza haipiti. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Ndani, tafuta namba ya treni kwenye ubao, isome mpaka uone geti, mfano A12. Geti hufunguliwa kama robo saa kabla na kufungwa dakika 3 hadi 5 kabla ya treni kuondoka, na likishafungwa hakuna wa kumbembeleza. Mashine isiposoma pasipoti yako, usirudie mara tatu watu wakiwa nyuma. Kando kuna njia yenye mhudumu.

Viti vya daraja la pili ni vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine: A, B, C, kisha D na F. E haipo, usiitafute. A na F ni vya dirishani. Kila behewa lina bomba la maji ya moto bila malipo, kwa hiyo kikombe na majani ya chai vina kazi.

Ndani ya mji

Treni za chini ni nafuu na hazina foleni za barabarani. Nauli inaanzia yuan 2 Guangzhou, na 3 Beijing na Shanghai. Ndani ya Alipay kuna sehemu ya usafiri. Chagua mji, upate msimbo wa kuskani getini, na uskani tena unapotoka. Ukihamia mji mwingine badilisha mji kwenye programu, maana msimbo wa Guangzhou huenda usifungue geti la Beijing. Msimbo huo huo ndio utumike kuingilia na kutokea. Anayebadilisha simu njiani hukwama ndani. Treni nyingi hukoma karibu na saa tano usiku.

DiDi, teksi ya kuita kwa simu, inaitwa kutoka ndani ya Alipay. Gari likifika, linganisha namba yake, kisha dereva atakuuliza tarakimu nne za mwisho za simu uliyojisajilia. Zioneshe kwenye kioo. Gari lisipoonekana, tatizo karibu kila mara ni kwamba umesimama upande wa pili wa barabara pana isiyovukika. Sogeza alama kwenye ramani kabla ya kuthibitisha, si baada.

Kwenye viwanja vya ndege na vituo utafuatwa na wapiga debe wa teksi bubu. Sema *bu yao*, sitaki, na uendelee na foleni rasmi. Kwenye teksi ya kweli omba risiti, *fapiao*. Ina namba ya gari, na ndiyo inayorudisha simu iliyosahaulika kitini.

Chakula, hasa kwa Mwislamu

Kwenye orodha ya Kichina, neno 肉, *rou*, likisimama peke yake ni nguruwe. Ng'ombe ni *niurou*, kondoo *yangrou*, kuku *jirou*. Mboga za majani nazo haziaminiki kwa kuangalia, kwani hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, *zhuyou*, bila kutajwa. Alama ya kutafuta ni 清真, *qingzhen*, yaani halali, mara nyingi kwa rangi ya kijani. Karibu kila mtaa una duka dogo la tambi za Lanzhou linaloendeshwa na Waislamu wa Kihui: tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako, zinatiwa mchuzi wa ng'ombe, na bakuli linashibisha. Guangzhou, karibu na msikiti wa Huaisheng na mnara wake mweupe, hutapata shida.

Maji ya bomba hayanywewi. Chooni beba tishu zako. Vyoo vingi vya umma ni vya kuchuchumaa na karatasi haimo.

Tarehe na tiketi za vivutio

Epuka tarehe 1 hadi 7 Oktoba, siku za karibu na tarehe 1 Mei, na Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati au mwishoni mwa Februari. Treni hujaa, na wanaofuata bidhaa hukuta viwanda na fremu vimefungwa. Maonyesho ya biashara ya Canton, Aprili na Oktoba, hupandisha bei za hoteli za Guangzhou.

Kasri la Kifalme la Beijing halina tiketi ya mlangoni. Inauzwa siku saba kabla, kwa jina na namba ya pasipoti, na Jumatatu pamefungwa. Bei ni yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba, na 40 miezi mingine. Uwanja wa Tiananmen, ambao haulipiwi, nao unahitaji nafasi ya mapema.

Karibu na maeneo hayo, na kwenye barabara ya Nanjing kule Shanghai, vijana wachangamfu watakuomba mkanywe chai ili wafanye mazoezi ya Kiingereza. Chai hiyo huishia kwa bili ya maelfu. Kataa kwa tabasamu.

Ukiugua, na siku ya kurudi

Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Hospitalini unalipa kwanza ndipo unaonwa, na kila hatua ina malipo yake. Tunza kila risiti kwa ajili ya bima.

Soketi za China ni za volti 220, karibu sawa na zetu, ila plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii, kwa hiyo adapta inunuliwe mapema. Pawabenki nayo ina sharti lake. Tangu tarehe 28 Juni 2025, kwenye ndege za ndani ya China hairuhusiwi isipokuwa yenye alama ya 3C, ya ubora na usalama ya China, iliyochapwa juu yake na inayosomeka. Iliyonunuliwa kwetu mara nyingi haina, na itabaki kwenye pipa la ukaguzi. Ukinunua ya huko, geuza nyuma uone alama kabla ya kulipa, na uwezo wa betri yake usizidi Wh 100. Ibebe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi la chini. Kibiriti cha gesi usijaribu kabisa, si mkononi wala ndani ya mzigo: begi litafunguliwa, na jina lako litatangazwa kwenye kipaza sauti wakati wenzako wanapanda.